Utepe Mweusi Hauguswi

Sujan Bhattarai alifungua mlango akiwa na koleo la theluji mkononi, na kwa nukta kadhaa Ramona Archuleta hakujua kama anakaribishwa au anafukuzwa.

"Viatu viache hapo, tafadhali," Sujan alisema. "Dada yangu ni mkali sana kuhusu zulia lake."

"Na magoti yangu ni makali kuhusu kuinama. Nitasimama hapahapa kwenye mkeka."

Kijana akacheka kidogo, kisha akakumbuka mgeni wake ni nani, kicheko kikakatika. Alikuwa mwembamba kuliko picha iliyokuwa kwenye faili. Tangu asimamishwe masomo alikuwa akiishi hapa Lafayette, katika sebule ya dada yake, na kila theluji ikianguka alisafisha ngazi za jengo zima bila kuombwa. Majirani walimsifu. Hawakujua kwamba mwisho wa barabara ile, kule Boulder, jina lake lilikuwa halitamkwi tena mezani.

Ramona alikuwa ametumikia polisi ya Pueblo, kitengo cha utapeli, mpaka nywele zikageuka mvi. Siku hizi taasisi za sayansi zilimwita pale mtu alipodaiwa kupika namba. Kazi ni ileile, alipenda kusema, ila watuhumiwa wana shahada nyingi na uongo wao ni mrefu zaidi.

"Kesho kamati inakaa," alisema. "Wakikuona una hatia, shahada hakuna, kibali cha kuishi hapa hakuna, na hakuna maabara duniani itakayokufungulia mlango. Unalijua hilo kuliko mimi. Sasa mbona hujitetei?"

"Nimeshasema sikupika."

"Umesema neno moja. Wezi wa kuku kule kwetu husema mengi kuliko hayo."

"Namba zipo. Zisomeni."

"Tumezisoma. Ndiyo maana uko hapa unachota theluji ya watu."

Sujan aliegemeza koleo ukutani, akalinyoosha vizuri, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa muhimu. Ramona akamsubiri. Katika kazi yake kusubiri ndiyo nusu ya kuhoji.

"Profesa hajambo?" Sujan aliuliza mwishowe. "Bado anaendesha gari mwenyewe?"

"Swali gani hilo?"

"Barabara zina barafu," akajibu upesi. "Basi tu."

Ramona alikuwa ameona watu wengi wenye hatia wakiulizia afya za wale waliowaibia. Alilichukua swali lile kwa maana hiyo, akashuka ngazi safi kwa uangalifu, akaingia garini. Baadaye alijilaumu sana kwa kuwa na haraka ya kuelewa.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kusimulia. Profesa Emmett Haverkamp na wanafunzi wake walikuwa wakipima molekuli moja tu, mwaka baada ya mwaka. Molekuli ni kama kengele, ina sauti yake na haiibadilishi. Kuisikia sauti hiyo waliimulika kwa leza ya infraredi ya kati, mwanga usioonekana kwa jicho. Tabu ni kwamba leza haitulii. Joto likipanda kidogo inahama, mtu akifunga mlango kwa nguvu inahama. Kwa hiyo huifunga kwenye kipimo kisichoyumba, mawimbi yanayoletwa kwa waya wa kioo kutoka kwenye saa ya atomu. Ikishafungwa na kutulia, unaweza kuisikia kengele ikihama hata hezi moja, yaani mtetemo mmoja kwa sekunde, katika matrilioni.

Vuli iliyopita kengele ilihama. Hezi kumi na moja. Kama ni kweli, basi kanuni za maumbile zenyewe zilikuwa zinabadilika, na dunia nzima ya fizikia ikasimama kwa miguu. Halafu Desemba ukavuma ule upepo wa milimani unaong'oa paa, umeme ukakatika, na leza ilipowashwa tena molekuli ilikuwa imerudi kwenye sauti yake ya zamani. Maabara nyingine mbili zilijaribu, hazikuona kitu. Haverkamp akaenda mwenyewe kwa wakuu wa taasisi akawaambia kwamba mwanafunzi wake mpendwa amepika namba.

Kilichomsumbua Ramona kilikuwa kimoja. Mpishi hupika akiwa jikoni. Katikati ya vuli Sujan alikwenda Pokhara kumzika baba yake, na siku zote alizokuwa huko mashine ilijipimia yenyewe, na hezi kumi na moja zilikuwepo palepale. Kamati ilisema aliacha programu ya kumpikia. Huenda. Ila Ramona aliwajua wapishi wa namba. Wakiwa msibani huwa hawapiki.

Ramona alimkuta Dokta Willa Prochaska maabara akiwa amevaa miwani ya usalama na vifuniko vya viatu vya buluu. Maabara yake na ile ya Haverkamp zilitazamana, katikati kuna ukumbi mwembamba. Watu wa ukumbini walikuwa wamemnong'oneza Ramona kwamba Willa na Sujan hawasalimiani tangu Desemba, na kwamba Willa ndiye angefaidika Haverkamp akistaafu kwa aibu.

"Funga mlango polepole, mama mpelelezi," Willa alisema. "Polepole kama mtoto amelala. Ukiubamiza, nimepoteza asubuhi nzima."

"Nimeambiwa una ugomvi na Sujan."

"Nani kasema?"

"Ukumbi mzima."

"Ukumbi huu hauna kazi." Willa aliinua chupa ya naitrojeni baridi, akaanza kumimina kwenye kikombe cha chuma cha kigunduzi cha mwanga. Moshi mweupe ulimwagika juu ya meza ukatambaa mpaka kingoni. "Hatuna ugomvi. Hatuongei, basi."

"Alikufanyia nini?"

"Hakunifanyia kitu."

"Basi wewe ulimfanyia."

Naitrojeni ikaruka mezani ikachemka na kupotea. Akaweka chupa chini, akavua miwani, akaipangusa kwa shati ingawa haikuwa na vumbi.

"Daktari," Ramona alisema, sauti yake ikishuka, "mimi si mwanafizikia. Mimi huuliza maswali ya fundi cherehani. Wewe na Sujan mko vyumba viwili. Futi mnayopimia ni moja au mbili?"

Willa aligeuza macho kuelekea mlangoni.

"Maana mafundi wawili wakipimia futi moja, na futi yenyewe imekatwa ncha, nguo zote zitakosea. Za huyu na za yule."

"Ni moja," Willa alisema. "Mawimbi ya saa yanaingia kwenye kabati la hapo ukumbini. Mle kuna kisanduku kinachoyasafisha na kuyagawa. Waya mmoja unakwenda kwao, mmoja unakuja kwangu. Mimi niliungwa mwaka juzi tu."

"Na vuli namba zako zilihama?"

Mashine ya kupozea ilinguruma pale kwenye kona. Willa alikaa kwenye kiti cha magurudumu, akaangalia vidole vyake.

"Zilihama," alisema. "Gesi yangu ni nyingine, mwanga wangu ni mwingine, lakini kwa uwiano, zilihama sawasawa."

"Na hukusema."

"Utanielewa vibaya."

"Jaribu."

"Sisi kwenye kazi hii namba ikienda kombo, mtu wa kwanza unayemshuku ni wewe mwenyewe. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Nilidhani chupa yangu ya gesi inavuja. Nilikuwa nasubiri kuthibitishwa kazini mwezi ule, Bi Archuleta. Nani anakwenda kutangaza kwamba chupa yake inavuja? Nikabadilisha chupa kimyakimya. Juma lilelile upepo ukakata umeme, namba zikarudi, nikasema, haya, kumbe kweli ilikuwa chupa. Nikashukuru Mungu nikafunga mdomo."

"Na Sujan?"

Willa alikunja uso kama mtu anayeumwa na jino bovu. "Alikuja kuniuliza. Baada ya upepo. Alisimama hapo uliposimama wewe, akaniuliza, 'Willa, na zako zilihama?' Nikamwambia hapana. Alinitazama tu. Alijua nadanganya, na mimi nilijua anajua. Akaniambia asante akaondoka."

Ramona alikuwa amejiandaa kumkamata mtu mwenye wivu, na badala yake alikuwa na mwoga wa kawaida, wa aina ya yule anayeuza samaki, anayefundisha shule, anayekaa hata ndani ya mpelelezi.

"Kesho utayasema haya mbele ya kamati?"

"Nitasema. Ningesema hata jana, kama ningeulizwa."

"Usijidanganye, Daktari. Tuonyeshe hilo kabati."

Kabati lilikuwa la kijivu, refu kama jokofu, likinguruma kwa ndani. Willa alifungua kwa ufunguo uliokuwa ukining'inia kwenye msumari palepale, siri ya taasisi nzima. Katikati ya nyaya kulikuwa na kisanduku cheusi chenye kioo kidogo cha kuonyesha namba mbele, na juu ya kioo kile palikuwa pamebandikwa utepe mweusi. Ncha yake moja ilikuwa imekunjwa, kama mtu anavyokunja utepe ili baadaye aubandue bila kuukwaruza kwa kucha.

"Huu ni nini?"

"Ah, huo ni wa zamani," Willa alisema. "Ulibaki tu. Tukipima kitu kikubwa, mkuu wa maabara anaingiza namba ya siri kwenye chombo, anafunika kioo. Hakuna anayejua kaongeza ngapi. Tunapima, tunapiga hesabu mpaka mwisho bila kujua jibu letu ni zuri au baya. Tukimaliza, anabandua utepe mbele ya wote, tunatoa ile namba, ndipo ukweli unaonekana. Kwa namna hiyo huwezi kujidanganya. Macho ya mtu hupenda kuona anachotamani."

"Na nani anaruhusiwa kuubandua?"

"Aliyeubandika. Utepe mweusi hauguswi. Ukiugusa kabla ya wakati, umeua kazi ya mwaka mzima ya watu. Sijawahi kuona mtu akifanya hivyo. Hata mlevi hafanyi." Willa akasita. "Wa kwao ulibanduliwa Septemba. Ule wa kwenye meza. Kulikuwa na keki."

"Baada ya upepo, nani aliwasha kisanduku hiki?"

"Mimi. Kwa swichi ya nyuma."

"Na kioo hukukitazama."

"Kina utepe," Willa alisema, kwa mshangao wa kweli.

Ramona alimtazama mwanamke huyu mwenye akili kuliko watu wote aliokutana nao mwezi ule, akaelewa jinsi kamati ya wanasayansi watano ilivyopita mbele ya kabati hili mara tatu bila kuinua kidole. Mtu wa mtaani angeubandua utepe kwa udadisi tu. Akaushika kwenye ile ncha iliyokunjwa. Willa akavuta pumzi.

Chini yake palikuwa na sifuri.

"Umeme ukikatika kinaanza upya," Willa alisema. "Kinasahau. Chochote kilichokuwa kimeingizwa... Mungu wangu. Kulikuwa na utepe wa pili."

"Na kwenu hapa anayebandika utepe ni nani?"

"Emmett. Emmett peke yake."

Ramona aliendesha gari kupanda mlima kuelekea kwa Haverkamp akiwa na hasira, hata chapati yake ya kukunja yenye pilipili ya kijani ameila haraka kwenye maegesho. Kwake mambo yalikuwa yamejipanga. Mzee ameficha namba, akaona namba hiyo imemletea sifa dunia nzima, akanyamaza ili azifaidi. Upepo ulipomuumbua, akamsukumia kijana mgeni asiye na mtu. Alikuwa ameshawaona wa namna hiyo, wenye suti. Aliyapanga maneno atakayomwambia, na mengine hayakuwa ya kuandikwa kwenye ripoti.

Mlango ulifunguliwa na mke, Lorna, mama mrefu mwenye nywele nyeupe zilizofungwa kwa kalamu ya risasi.

"Emmett anapumzika," alisema.

"Nitamsubiri, mama."

"Si siku nzuri leo."

"Kesho ni mbaya zaidi, kwa mtu mwingine."

Lorna akampisha. Jikoni alimwekea Ramona maji ya chai katika kikombe, akayapasha kwenye maikrowevu. Jiko kubwa la gesi lilikuwa pale pembeni, safi, limeng'arishwa. Halikuwa na kitufe hata kimoja. Palipokuwa na vitufe palibaki vijiti vitano vya chuma.

"Jiko limeharibika?" Ramona aliuliza.

"Linatengenezwa."

Ramona alitazama vijiti vile. Akatazama ndoano iliyokuwa karibu na mlango, yenye ufunguo mmoja tu wa gari, na komeo la pili lililofungwa juu kabisa ya mlango wa nyuma, mahali ambapo mtu lazima alitafute. Mama yake mwenyewe, kule Pueblo, aliishi miaka yake ya mwisho, ya kusahau, katika nyumba kama hii. *Bado anaendesha gari mwenyewe?* Hasira yake yote ikamtoka kama hewa kwenye mpira, na kilichobaki kilikuwa kizito zaidi.

"Tangu lini, mama?" aliuliza kwa upole.

Lorna hakujifanya kutoelewa. Alikaa. "Tangu kiangazi kile kingine. Mwanzoni alipoteza miwani. Nani hapotezi miwani?"

Kabla hajaendelea, Profesa Haverkamp aliingia, amevaa sweta la kijivu na viatu vilivyong'arishwa, ndevu zimekatwa vizuri. Alimpa Ramona mkono, akamvutia kiti, akamuuliza kama barabara ya juu imekwanguliwa theluji. Mtu yeyote angesema ni mzee mwenye akili zake timamu, na kwa sehemu kubwa ya kila siku ndivyo alivyokuwa.

"Umekuja kwa ajili ya Sujan," alisema. "Nilimpenda kama mwanangu. Sijui nilikosea wapi."

"Nimekuja kujifunza, Profesa. Nimeambiwa kuhusu utepe mweusi."

Uso wake ukachangamka. "Ah! Basi umekuja pahali pake. Unajua adui mkubwa wa kipimo ni nani? Siyo joto, siyo kelele. Ni matumaini. Mtu akitamani namba fulani, mkono wake utamfikisha tu. Kwa hiyo naficha. Na mimi siwafichi mara moja, naficha mara mbili."

"Mara mbili?"

"Vijana ni wajanja, wa kwanza huwa wanaubahatisha. Kwa hiyo ule wa mezani ni wa keki na makofi. Wa pili nauweka kabatini, wala simwambii mtu. Kabati lile hakuna anayelitumia isipokuwa sisi. Wakishashangilia ule wa kwanza nawaacha wiki moja waote ndoto zao, halafu nawapeleka kabatini. Nyuso zao!" Akacheka, kicheko kizuri cha mwalimu. "Huwatia adabu maisha yao yote."

"Dokta Prochaska naye ameungwa kwenye kabati hilo."

"Nani?"

Lorna alishusha macho. Ramona aliweka mikono yote miwili mezani.

"Na ya kabatini, Profesa, huwa ni ngapi?"

"Kumi na moja," alijibu bila kufikiri. "Huwa ni kumi na moja. Lorna alizaliwa tarehe kumi na moja."

Kisha akasikia alichokisema.

Ramona aliliona likimfikia. Mdomo ulibaki wazi kidogo, mkono uliokuwa hewani ukashuka taratibu mpaka mezani. Alikuwa mtu aliyetumia maisha yake kutafuta chanzo cha kila hezi iliyopotea, na hii aliipata kwa muda ambao mtu humeza mate.

"Lorna," alisema. "Safari hii niliwapeleka kabatini?"

"Hapana, mpenzi."

"Nilisahau."

"Ulisahau."

"Halafu nikamsingizia mtoto wa watu." Aliinuka, akakaa tena. "Wewe ulijua?"

Lorna alilia bila kutoa sauti, machozi yakimshuka huku amenyooka kitini. "Sujan alikuja baada ya upepo. Aliuona utepe kabatini, akaelewa. Alikuja kukukumbusha. Ukamwita Roland. Ukamuuliza lini atamaliza tasnifu, na Roland alimaliza zamani, ana wajukuu. Nilimtoa nje nikamwomba. Nilimwambia, subiri mpaka Juni, Emmett astaafu kwa heshima yake, halafu useme yote. Siku ile ulikuwa hujamshtaki bado. Ulipomshtaki, nilimpigia simu nikamwambia usiseme, tafadhali, usiseme." Akamgeukia Ramona. "Nilijiambia yeye ni kijana, ana miaka mingi mbele yake. Mume wangu hana. Nilipima hivyo. Nilimwona mtoto mwema nikamtumia wema wake. Sina la kujitetea."

Ramona alitamani amkemee, akaacha. Alikuwa amefunga watu kwa makosa madogo kuliko hili, na hakuna hata mmoja aliyempikia mumewe chai kwenye maikrowevu mwaka mzima.

"Una kinasa sauti?" Haverkamp aliuliza ghafla. "Kiwashe."

Alisema yote, kwa sauti ya darasani, bila kuyumba. Alitaja chombo, alitaja namba, alitaja kabati. Alisema mwanafunzi wake hakugusa kitu, na kwamba namba zake ndizo zilizokuwa safi kuliko zote alizowahi kuona, maana zilimwonyesha mwalimu kosa lake bila kupungua hata nukta. Alisema mimi Emmett Haverkamp nimesahau, na ugonjwa wangu unajulikana na mke wangu. Ramona alizima, akajua kwamba kwa hayo na namba za Willa, kesho kabla ya saa sita jina la Sujan Bhattarai litakuwa limerudi kwa mwenyewe.

"Sasa nipeleke kwake," mzee alisema.

"Kesho atakuwepo kwenye kamati, Profesa."

"Kesho!" Alimshika Ramona mkono kwa nguvu. "Bi Archuleta, jambo hili halikai kwangu. Nimelishika sasa hivi, sijui nitalishika mpaka lini. Kamati mtaipa sauti yangu. Yeye nataka nimwambie kwa mdomo wangu. Nipeleke sasa."

Lorna alikuwa ameshachukua koti lake.

Waliteremka mlima jua likiwa bado juu, theluji ikiyeyuka kando ya barabara. Haverkamp alikaa mbele. Mpaka taa za kwanza alikuwa akirudia chini kwa chini, "Sujan, nimekukosea. Sujan, nimekukosea." Walipopita mashamba ya farasi akanyamaza akatazama nje. Akamwonyesha Lorna tai juu ya waya. Baada ya hapo aliuliza kama mkutano ni wa saa ngapi.

"Tunakwenda kwa Sujan," Lorna alisema kutoka nyuma.

"Ndiyo, ndiyo. Najua. Suala la msamaha."

"Ndiyo, mpenzi. Suala la msamaha."

Ramona alikaza mwendo kupita alivyoruhusiwa.

Sujan aliwaona kupitia dirishani, akatoka hadi juu ya ngazi bila koti, bila viatu, na soksi zake zikaloa palepale. Haverkamp alipanda kwa kushikilia reli, Ramona nyuma yake tayari kumdaka. Lorna alibaki garini. Alikuwa amefungua mlango, mguu mmoja umekanyaga chini, na hapo akashindwa.

Mzee alifika juu, akajinyoosha, akamtazama kijana usoni kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa na huzuni, na ukali.

"Najua kwa nini nimeletwa," alisema. "Haikuwa rahisi kwangu kuja, baada ya ulichokifanya. Lakini wameniambia unataka kuniomba msamaha."

Ramona akafungua mdomo. Sujan alimtupia jicho, akatikisa kichwa kidogo sana, kiasi cha yeye tu kuona.

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye paa. Kijana aliunganisha viganja vyake mbele ya kifua, kama walivyomfundisha kwao kuwasalimu wakubwa.

"Ndiyo, Profesa," alisema. "Naomba unisamehe."

Uso wa Haverkamp ukalegea wote. Alimvuta Sujan kifuani, akamshika kisogo kwa mkono wake mkubwa, akalia kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Tangu zamani nimekusamehe. Usifanye tena."

"Sitafanya tena," Sujan alisema.